Jina Chini ya Shairi

Ha Ralitabo,
Jumatano, 21 Agosti

Dada yangu mpendwa Nthatuoa,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto. Natumaini baridi ya mwaka huu haijawashika vifua, na kwamba hospitalini wamekupunguzia zamu kama walivyoahidi. Mama ni mzima isipokuwa goti. Soksi ulizomletea amekataa kuzivaa, anasema ni za wagonjwa, naye si mgonjwa. Mimi mwili wangu ni mzima. Mengine utayasoma.

Aliyekukabidhi barua hii ni Keneuoe, mwanafunzi wetu wa kidato cha nne. Tafadhali funga mlango kabla hujaendelea. Usimtume dukani, wala usimtaje kwa watu wa kwetu wanaoishi huko. Wapo wanaume wenye bunduki wanaotaka kumuua, nao wana ndugu hata huko Bloemfontein. Nakuomba umfiche mpaka mwaka uishe. Najua nyumba yenu ni ndogo. Nitakueleza mambo kwa mpangilio, ili usiseme nimekutupia mzigo bila kukuambia ndani mna nini.

Mwezi wa pili tulipata mwalimu mpya wa Kiingereza, 'M'e Puseletso, mama wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Ofisi yangu na darasa lake vinatenganishwa na ukuta wa mbao, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Siku ya kwanza aliuliza nani amewahi kumaliza riwaya ya Kiingereza. Kijana mmoja akajibu kwamba yeye aliimaliza: panya walikula nusu, naye akawashia jiko nusu iliyobaki. Darasa likacheka. 'M'e Puseletso alicheka kuliko wote, kisha akauliza ni maneno gani wanayoyajua kwa moyo. Ndipo Keneuoe akaimba beti za wapiga kodiani, zile za kutukanana, ambazo watoto wetu wanazijua kabla ya kujua sala.

Wewe uliondoka mambo hayajawa mabaya hivi. Sasa kila mpiga kodiani ana kundi lake na kila kundi lina rangi yake ya blanketi. Mtu wa blanketi la kijivu akitukanwa katika wimbo na mtu wa blanketi la kijani, mazishi hufuata. Darasani watoto wa pande zote mbili wanakaa dawati moja, wengine na visu ndani ya soksi. Nilidhani mwalimu atamfukuza yule msichana. Badala yake alimwambia ageuze beti zile ziwe Kiingereza, na darasa zima likabishana ni neno gani linauma zaidi. Vijana waliokuwa wakitoroka walianza kuwahi. Kufikia Juni kabati la riwaya lilikuwa tupu, na nilisikia wavulana wawili waliokuwa wakichomana bisibisi mwaka jana wakigombania kitabu. Mmoja akamwambia mwenzake, “Wewe mpumbavu, usiniambie kama anakufa, mimi sijafika.”

Kisha mwalimu akawaambia watunge mashairi yao wenyewe kwa Kiingereza. Sharti lilikuwa moja, wasitaje mtu. Keneuoe aliandika juu ya korongo aliyesimama mtoni akaona mawingu matatu yakishuka mlimani mchana kweupe, yakamfunika mtu mmoja. Wingu moja lilichechemea. Liliosha kisu majini, likachukua kodiani ya yule mtu na kuipiga vibaya, huku mwenyewe akiwa bado anapumua na kusikiliza.

Mjomba wake Keneuoe, Sekila, mpiga kodiani wa kijani, aliuawa mtoni Desemba iliyopita. Polisi walisema hakukuwa na shahidi. Na wilaya nzima inamjua mtu wa blanketi la kijivu anayechechemea.

'M'e Puseletso alilia alipolisoma shairi hilo. Aliniletea mashairi yote niyachape, tuyatoe katika kijitabu kwa siku ya wazazi, Jumamosi ya tarehe tatu mwezi huu. Vijitabu mia viligawiwa. Jioni hiyo kimoja kilisomwa kwenye kilabu cha pombe na mtu anayejua Kiingereza. Chini ya kila shairi kulikuwa na jina la mtunzi na kijiji chake.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, wale wa blanketi la kijivu walikwenda kijijini kwa Keneuoe. Hakuwepo, alikuwa amekwenda kuteka maji. Walimkuta bibi yake. Walimpiga kwa fimbo wakimwuliza mtoto yuko wapi, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha kichwa. Keneuoe alirudi akakuta nyumba inawaka na bibi yake amelala uani kati ya kuku. Jirani ndiye aliyemzika bibi. Keneuoe alikimbia kwa miguu hadi nyumbani kwa mwalimu.

Jumatatu asubuhi 'M'e Puseletso alimleta shuleni amejifunika kitambaa cha meza, tukamfungia katika stoo ya vitabu iliyo nyuma ya kiti changu. Ufunguo niliutia mfukoni. Mwalimu alisema polisi watafika saa nne. Kabla ya saa nne waliingia wao, watatu, blanketi hadi kidevuni. Yule anayechechemea alikaa juu ya meza yangu akaniuliza kwa upole, “Karani, mama yako hajambo? Goti lake vipi siku hizi?” Nilijibu kwamba hajambo. Akasema, “Vizuri. Basi tuambie mtoto yuko wapi, mama aendelee kuuguza goti.” Mwenzake alifungua blanketi nione bunduki. Dada, nilijikojolea, na maji yakafika kwenye kiatu.

Mlango ukafunguka, 'M'e Puseletso akaingia. Aliwaambia shairi lile ni lake. Mtoto wa kidato cha nne ataandika Kiingereza kama kile wapi, aliwauliza. Yeye ndiye aliyetunga, akaweka majina ya watoto ili wazazi wafurahi. Sekila aliwahi kumwimbia harusini, ndiyo maana. Yule mchechemeaji akacheka akasema kama ni lake, basi alisome.

Wakamtoa uani, mbele ya madirisha ya madarasa yote. Alisimama mikono nyuma kama mwanafunzi akalisoma bila karatasi, kuanzia korongo hadi kodiani. Hakukosea hata neno. Nyuma yangu, ndani ya stoo, nilisikia mtoto anapumua. Alipomaliza, yule mtu akamwambia ameamini. Alimpiga risasi ya goti, na alipoanguka akainama, akamwekea mtutu kwenye taya akapiga ya pili, akisema hiyo ni ya kusoma. Wakaondoka kwa mwendo wa kawaida. Mmoja alilifunga geti asitoke ng'ombe wa shule.

Hakufa. Yuko hospitali ya wilaya, taya limefungwa kwa waya, na hatasema tena kama zamani. Keneuoe alikaa stoo siku mbili, kisha chini ya kitanda cha mama, siku kumi na tano. Mama alimwambia kila mtu kwamba amenunua paka.

Wiki iliyopita wazazi waliitana shuleni. Walipiga kelele kwamba mwalimu ameuza watoto wao kwa wauaji kwa kuweka majina yale. Baba mmoja alisema, “Tulimpa watoto awafundishe Kiingereza, yeye akawafundisha kufa.” Wakavitoa vijitabu, na riwaya zote walizoazima watoto, wakavichoma uani pale pale penye damu. Yule kijana wa panya alijaribu kuvuta kimoja motoni, baba yake akampiga ngumi mpaka meno yakatoka. Ntate Khoabane, mwalimu mkuu, alitangaza kwamba bodi itakaa Ijumaa hii kumfukuza kazi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kumbukumbu za mkutano. Niliandika kwa mwandiko safi kwamba majina yaliwekwa na mwalimu.

Dada, majina niliyaweka mimi.

Aliponiletea mashairi yale, yalikuwa hayana majina, na juu yake ameandika kwa wino mwekundu kwamba yaachwe hivyo. Niliona ni usahaulifu wa mtu aliyekulia mjini. Hakuna mpiga kodiani kwetu anayemaliza wimbo bila kusema yeye ni nani, mtoto wa kijiji gani, chini ya chifu gani. Shairi lisilo na mwenyewe ni kama kitu cha wizi. Nilikaa jioni nzima nikitafuta vijiji vyao katika daftari la uandikishaji nisikosee hata kimoja. Nilitaka watoto wajivune. Nilitaka pia mwalimu anisifu kwa uangalifu wangu.

Nilipokwenda hospitali kumwambia, alikuwa anajua tangu siku ya kwanza. Aliandika kwenye karatasi: “Mtoe mtoto kwanza.” Maana nikisema mimi ndiye niliyeweka majina, na kwamba ni ya kweli, watajua shairi ni la mtoto. Hiyo ni sababu nzuri ya kunyamaza. Nimejificha nyuma yake wiki mbili na nusu, lakini siyo hiyo iliyoninyamazisha. Niliogopa. Na lingine sijalisema popote: siku ile, 'M'e Puseletso alipofungua mlango, mkono wangu ulikuwa umekwisha ingia mfukoni kutafuta ufunguo.

Ijumaa Keneuoe atakuwa kwako, ng'ambo ya mpaka. Bodi inakaa saa tatu asubuhi. Nitasoma kumbukumbu zilizosahihishwa, kwa sauti, ingawa najua nani watasikia kabla ya chakula cha mchana. Mama atakuwa amekwenda kwa mama mdogo huko milimani. Hajui kwa nini.

Msalimie shemeji, na umbusu Relebohile mdogo kwa niaba yangu. Mpe Keneuoe chakula cha moto, hapendi kuomba.

Bahasha sikuifunga. Safari ya kufika kwako ni ya saa nne, na mtoto huyu sasa husoma kila karatasi inayomfikia mkononi. Kumwambia kwa mdomo nimeshindwa. Ikiwa barua hii imekufikia, basi ameisoma, akaamua kukupa.

Ni mimi mdogo wako,
Lereko