Kwa Wifi, Kuhusu Bwana Lami na Barabara Yake

Nyumba za Familia, Ghorofa ya Tatu,
Kambi ya Jeshi la Anga,
Jumapili, tarehe 9, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Wifi yangu,

Najua ukiona bahasha hii roho itakuruka, kwa hiyo kabla ya salamu nakuambia: wadogo zako wote wawili wazima. Kaa kwenye kiti, pumua, kisha tusalimiane kama watu.

U hali gani huko? Mgongo umeacha kukusumbua, au bado unainama kwenye cherehani kutwa nzima na ya daktari umeyatilia pamba masikioni? Na mumeo, bado anakoroma hadi majirani wanagonga ukuta? Sisi tu wazima, namshukuru Mungu. Watoto wako wamekua na wamekuwa wajeuri. Hivi sasa wanagombania rimoti ya televisheni ilhali umeme wenyewe hakuna tangu asubuhi.

Laini za simu za nje zimekatwa, ndiyo maana unapata mwandiko wangu badala ya kelele zangu. Barua husomwa kwanza na mkaguzi wa kambi, kwa hiyo namsalimia na yeye, na namwomba asinipake wino mweusi, maana haya nitakayoyasema yameshatangazwa redioni. Yasiyotangazwa ni ya ndani ya familia, na hayo hayamsaidii adui.

Sasa sikia, wifi. Mdogo wako amekuwa mkubwa! Yule uliyembeba mgongoni, uliyemkimbiza na fimbo kwa kuruka kutoka juu ya paa na shuka mkononi, ndiye kamanda wa vita vyote vya anga. Nasema vyote. Ndege za kivita, ndege za mizigo, rada, mizinga ya kutungulia, hadi mpishi wa bwalo la marubani, wote wako chini yake. Juu yake yuko mkuu wa majeshi, halafu Mungu. Na mimi, ingawa hilo bado hajalikubali.

Gari la makao makuu lilimkuta chini ya sinki la jikoni, anahangaika na bomba lililoziba, kaptula imelowa chepechepe. Ofisa aliyetumwa aliingia akapiga saluti kali, na saluti yote ikaenda kwa miguu miwili iliyotokeza kabatini. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Aliondoka kanali, akarudi jioni brigedia jenerali, na kurukwa kwa maofisa waliomtangulia kazini namna hiyo hakujawahi kuonekana hapa kambini. Vyeo vipya vya mabegani nimevishona mwenyewe, tena kwa haraka, na ungeona mishono yangu ungenifukuza kwenye ukoo.

Utauliza kwa nini yeye. Ni ile barabara yake, wifi. Unakumbuka alivyokuwa akituchosha nayo mezani? Kila mkutano alisimama kusema kwamba viwanja vyetu adui anavijua hata akifumba macho, lakini barabara ya lami iliyonyooka nayo ni uwanja, ukiondoa nguzo za taa. Walimcheka wazi wazi. Wakamwita Bwana Lami. Mwanzoni alinuna, baadaye akazoea, na sasa hata mimi nisipomwita hivyo haitiki.

Vita vilipoanza, adui alikuja asubuhi ya kwanza akakuta ndege zetu zimepangwa mstari kwenye vituo vyao kana kwamba zinasubiri kupigwa picha. Zikaungua. Kikosi cha Bwana Lami peke yake ndicho kilichobaki kizima, kwa sababu wiki moja kabla alikuwa amezificha ndege zake kwenye mabanda ya kiwanda cha mbao, na akakemewa vikali kwa kutoa mali ya jeshi nje ya kambi. Waliomkemea siku hizi wakimwona wanatabasamu mpaka jino la mwisho. Kamanda wa zamani akajiuzulu, na kilichobaki ni kumtafuta yule kichaa wa barabara.

Ila cheo kilikuja na msumari wake. Anayebeba mpango mzima wa vita kichwani haruhusiwi kupaa, asije akaanguka mikononi mwa adui. Alipeleka kofia yake ya urubani stoo, akarudi akaketi kitandani kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Nilimhurumia. Nilijihurumia na mimi pia, maana wewe unajua kazi yangu: miaka yote hii nimemwongoza kwa redio kutoka mnarani. Nikisema zunguka, anazunguka. Nikisema ngoja, anangoja. Angani hakuwahi kunibishia hata neno moja. Sasa ameletwa ardhini moja kwa moja, na ardhini ndiko anakojua kubisha.

Haya, nije kwenye jambo lako. Siku ile ulipopiga simu, kabla laini hazijakatwa, ulilia hadi nikalia nawe. Uliniomba nimwambie kwamba Kitindamimba wenu, naye rubani, asirushwe. Kwamba wewe ndiye mama waliyebaki naye, na kama mmoja sasa ana mamlaka ya kupanga nani apae na nani abaki, basi ampangie mdogo wenu kazi ya mezani. Wifi, nilimwambia. Nilimwambia akinywa chai, tena sikumung'unya maneno. Akaweka kikombe chini akasema, "Mwambie dada nimesikia."

Unaijua mwenyewe "nimesikia" yake. Akisema "sawa" atafanya, akisema "nimesikia" sahau.

Kesho yake barabara ikawa tayari. Ni ile ya mchepuo inayopita nyuma ya kiwanda cha mabati. Wahandisi wa jeshi waling'oa nguzo, wakavunja kizuizi cha katikati, wakafagia hadi kokoto ya mwisho. Ila hakuna ndege ya kivita iliyowahi kutua pale, na marubani wenye mvi walikuwa wanaitazama ile barabara nyembamba na kumeza mate. Bwana Lami aliomba aijaribu yeye mwenyewe, makao makuu wakamkatalia kabla hajamaliza sentensi. Ilibidi amchague mtu.

Mimi nilitolewa mnarani nikapandishwa juu ya lori kando ya barabara, na redio yangu na mwavuli wa jua, eti ndiyo mnara mpya. Sikuambiwa rubani ni nani, niliambiwa namba ya ndege tu. Nikaita namba. Ikajibu sauti ninayoijua tangu ikiwa ya kitoto: "Shemeji, uko wapi? Mimi naona lori tu."

Wifi, niliwaka! Nilimtazama mume wangu pale chini ya lori, amekunja mikono, hanitazami. Nilikuwa na maneno mazito ya kumpa, lakini mdogo wenu alikuwa angani anangoja sauti yangu, na rubani ukimpa sauti ya hasira unamharibia mikono. Nikapiga moyo konde. Nikamshusha taratibu, kidogo kulia, shika hapo hapo, usiharakishe. Mimi uliyenituma nimzuie, ndiye niliyemshusha. Magurudumu yaligusa lami, mwavuli wa nyuma wa kuipunguza kasi ukafunguka, ndege ikapita mbele ya lori langu kwa kishindo, ikasimama mbali kule penye kibao cha kupunguza mwendo. Kitindamimba akafungua kioo akapiga kelele, "Kaka, barabara yako ina mabonde!"

Mafundi walirusha kofia juu. Mimi nilishuka nikamwendea Bwana Lami bila kujali mabega yake, nikamuuliza mbele ya watu dada yake alimwomba nini. Hakukasirika. Akasema, "Kama barabara yangu haimfai mdogo wangu, nitamwambiaje mtoto wa mwenzangu atue?" Hasira ilibaki. Jioni ile alijipakulia mwenyewe.

Sasa Alhamisi! Ndiyo siku iliyotangazwa. Alfajiri ndege zote ziliondoka kwa pamoja, ya Kitindamimba ikiwemo, kwenda kupiga viwanja vya adui na maghala yake ya mafuta. Mpango wote ni wa Bwana Lami, kuanzia nani atangulie hadi nani apite chini chini kuzivuruga rada zao. Zilipokuwa huko, adui naye akaja kwetu. Kutoka juu ya lori niliona moshi upande wa kambi, na simu ya waya ikalia: njia ya kurukia imechimbika mashimo matupu. Watoto wako walikuwa kwenye handaki la shule, usitie shaka.

Fikiria, wifi. Vijana wanarudi, mafuta yamepungua, na uwanja haupo. Kilichobaki ni barabara ambayo walikuwa wamechorewa tu ubaoni. Aliyewahi kuigusa ni mmoja.

Bwana Lami alinipigia kutoka chumba cha operesheni. Sauti yake ilikuwa kavu. Akasema Kitindamimba asitue, abaki juu awaonyeshe wenzake njia, atue wa mwisho. Amri ile ilibidi ipite mdomoni mwangu. Niliisema, nikasikia, "Nimesikia." Niliogopa, maana "nimesikia" ya nyumba yenu ndiyo hiyo!

Lakini alifanya. Alimtangulia kila mmoja, anashuka hadi anakaribia kugusa lami ili mwenzake aufuate mstari wake, kisha anapanda tena kumfuata mwingine, kama mtu anayerudisha kuku bandani. Mimi nawapokea chini, mafundi wanazivuta ndege pembeni kwa trekta ili nyingine ipate pa kutua. Jasho lilinitoka mpaka kalamu ikawa inateleza. Zikatua zote zilizokuwa juu, akabaki yeye. Akaniambia, "Shemeji, mafuta yamekwisha." Si yanakwisha. Yamekwisha.

Alikuja bila mngurumo wowote. Ndege ya kivita iliyo kimya inatisha kuliko inayonguruma. Ilitua kwa kishindo, tairi moja likapasuka, ikaenda upande upande, ikasimama bawa likiwa juu ya mtaro. Niliruka kutoka kwenye lori nikasahau kuvua hedifoni, waya ukanivuta nikaanguka chali. Cheka tu, hata mkaguzi acheke. Nilipoinuka nilimwona yuko chini, anatembea, anajipapasa kama aliyepoteza ufunguo.

Gari la makao makuu likafika kwa kasi. Bwana Lami akaruka kabla halijasimama, akakimbia, akafika kwa mdogo wake. Brigedia jenerali, kamanda wa vita vyote vya anga, akakaa chini barabarani na vyeo vyake vyote. Kitindamimba akasimama juu yake akamwambia, "Kaka, inuka, hii lami ni ya moto." Wakakumbatiana pale pale, na hakuna fundi aliyejifanya haoni.

Jioni redio ikatangaza. Mtaa mzima ulitoka nje kugonga masufuria, mwalimu mkuu wa shule ya watoto wako alicheza na mlinzi wa geti. Tangu siku ile ndege ya adui haijaonekana juu yetu, na makao makuu wameagiza barabara nyingine ziandaliwe. Waliokuwa wakicheka jina la Bwana Lami sasa wanalitamka kwa heshima. Nina furaha, wifi, nina furaha hadi nashindwa kulala, na nimekuandikia kwa sababu mwenyewe anaogopa kukuandikia. Kweli kabisa. Mtu anayeamrisha ndege zote hizo anakuogopa wewe.

Neno moja limebaki, na ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Mmoja hakurudi. Alipigwa juu ya ghala la mafuta la adui. Ni mume wa jirani yangu wa ghorofa ya chini, yule mwalimu wa chekechea.

Ijumaa nilishuka kwenda kukaa naye. Nyumba imejaa wanawake, viatu vimezagaa mlangoni, naye yuko kwenye mkeka, macho makavu. Niliogopa kuingia. Mimi mke wa aliyempanga mumewe aende. Aliponiona alinishika mkono akanivuta niketi karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na mdogo wake kamanda, naye alikwenda?" Nikamwambia, "Alikwenda. Ndiye aliyetua wa mwisho." Akatikisa kichwa kuitika, akanilalia begani, ndipo machozi yakamtoka.

Wifi yangu, kama lile ulilonituma lingefanikiwa, ningemjibu nini?

Kitindamimba anapaa tena, na kaka yake atampanga tena. Mimi sitamwomba amzuie. Nakuomba na wewe usinitume tena. Niombee nguvu za koo tu, niwashushe wote.

Nisalimie mumeo, binti yako mkubwa na yule mdogo aliyeng'oka meno, na mama mkwe wako. Watoto wanakusalimia, Kitindamimba anasema umtumie soksi, na Bwana Lami anasema shikamoo dada, kisha anajificha nyuma ya gazeti. Mungu akulinde mgongo na moyo, awape faraja wa ghorofa ya chini, na atukutanishe kabla watoto hawa hawajakuzidi urefu.

Ni mimi, wifi yako, nikupendaye hata utakaponinunia.