Paka Amelishwa Sumu

Baba Warda,

Chai iko kwenye chupa. Warda nimempeleka kwa mama. Kilichomo kwenye mfuko hapo mlangoni usikiguse, kina sumu.

Asubuhi nilimkuta paka wetu uani anatetemeka, povu linamtoka. Nikakimbia naye hospitali ya wanyama, Diani. Daktari Kahaso na muuguzi wake wakamtundikia dripu papo hapo. "Huyu amelishwa sumu, mama," daktari akaniambia. "Nyumbani kuna mtoto mdogo?"

Nikampigia simu ndugu yako Ramadhani, nikamwambia paka mgonjwa, basi. Akauliza, "Kwani yule samaki amemmaliza?" Mimi samaki sikumtaja! Nikarudi mbio, nikapekua, nikakuta kipande cha samaki kimebaki uani, nyuma ya banda la kuku la Ramadhani; ndicho hicho kilicho mfukoni.

Najua paka alimlia vifaranga wawili. Lakini mwanangu anatambaa uani humo humo, na ami yake anamwona kila siku.

Paka yu hai bado, narudi kwake sasa. ~~Mwambie Ramadhani aje hospitali tuzungumze.~~ Usimwambie neno. Nataka nimwulize mwenyewe, kabla hajapata wa kumsingizia.

Mama Warda