Kamba Uliyoifunga Bwawani

Mpendwa mke wangu, Mama Zaina,

Kwa heshima na taadhima ninakuandikia nikiwa mzima wa mwili, ingawa moyo umeelemewa. Ningependa kukuletea habari njema. Sinazo.

Bila shaka unalikumbuka bwawa la bustani ya mji hapa Korogwe. Ulipomaliza kuuza maandazi tulikuwa tukikaa kwenye ukuta mfupi, tukiwatazama yangeyange wakijenga viota katika migunga iliyosimama majini. Uliwasema kama majirani. "Yule mwizi wa vijiti, mwone! Anamwibia mwenzake mchana kweupe." Nami nilicheka, jambo ambalo, kama ulivyopenda kunikumbusha, halikuwa kawaida yangu.

Kisha wakaja wapiga picha za harusi. Walitaka ndege waruke nyuma ya maharusi, hivyo wakapiga makofi, na makofi yaliposhindwa wakarusha mawe. Wazazi waliporuka, makinda walibaki juani na kunguru wakashuka. Hata hospitalini, siku zako za mwisho, uliitaja sauti ya makinda wale.

Mimi niliandika barua za maombi, nakala kwa kila mhusika. Ulizitazama zikiondoka, ukasema, "Baba Zaina, ndege hawasomi barua, na ofisi nayo haisomi. Nisokotee kamba."

Niliisokota kwa katani ya mashamba ya Ngombezi, kwa namna niliyofundishwa na marehemu baba aliyekuwa kibarua wa mashamba yale. Uliizungusha kwenye miti ya ukingoni, ukaipasua ile kaniki uliyokuwa ukiepulia sufuria, na kuning'iniza vipande vyake. Kwenu Mazingara, mtu akiikuta kamba ya namna hiyo kwenye shamba la mahindi anajua pana kago, dawa ya kumkomesha mwizi, naye hakanyagi. Yako haikuwa na dawa yoyote. Ilikuwa na masizi na harufu ya maharage. Hukumwambia mtu kuwa ni kago, wala hukumwambia kuwa siyo. Watu walijipa jibu wenyewe, wakakaa mbali, na makinda wakakua.

Msimu huu, nawe umekwisha kututoka, bibi harusi mmoja aliivuka kamba ili apigwe picha. Jioni akazimia ukumbini. Alizinduka, akala wali, lakini mji ulikuwa umekwisha kuamua.

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano pale pale bustanini. Zaina wetu alikuja kutoka kwa mumewe Handeni, akaketi kando yangu.

"Kamba hii ni ya nani?" mwenyekiti akauliza.

"Ilifungwa na marehemu mke wangu," nikajibu, kwa kuwa sikuweza kukukana.

"Ina dawa, haina dawa?"

Mpiga picha alikuwa amesimama mbele, kamera shingoni. "Sema tu, mzee. Kama ni kamba tupu, Jumamosi nina harusi hapa."

Nilitazama juu. Makinda walikuwa wakinyoosha shingo nje ya viota, mabawa yao yangali vijiti vitupu.

"Baba, sema haina," Zaina alininong'oneza. "Neno moja tu."

Nilisimama, nikafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa mwenyekiti, ninaomba kwa heshima nisijibu swali hilo."

"Kumbe!" akapaza sauti yule muuza nyanya, jirani yako wa sokoni. "Na mimi miaka yote nakula maandazi yake!"

Baadhi walicheka, huku wakirudi nyuma. Hakuna aliyethubutu kuigusa kamba. Jumamosi ikapita bila harusi.

Wewe ndiye uliyetoka mkutanoni na jina jipya. Kesho yake Zaina aliitwa mtoto wa mchawi kwenye bomba la maji, akafunga mzigo wake. Mlangoni aliniambia, "Mama alituachia jina lake tu, baba. Nawe umewapa ndege." Tangu hapo hapokei simu yangu.

Sasa makinda wameruka. Siku niliyowaona wa mwisho wakielekea mtoni, nilikwenda kwa mwenyekiti na kutamka ukweli wote mbele ya watu. Alinisikiliza kwa adabu. "Mzee wangu, mume gani hamtetei mkewe? Hayo ungeyasema siku ile." Muuza nyanya anaponiona huvuka barabara.

Aliyeniamini ni mtu mmoja tu, mpiga picha. Alikwenda bwawani mchana, akaikata kamba, na kufungia nayo viti vya kukodi kwenye pikipiki yake. Ameniamkia kwa furaha: "Shikamoo mzee! Msimu ujao tutapiga picha kali."

Kwa hiyo ninatamka kwa maandishi, mbele ya kila asomaye: mke wangu hakuwa mchawi. Alikuwa muuza maandazi aliyewahurumia ndege. Sikuombi msamaha, Mama Zaina, maana makinda wale wangekuwa bado viotani, ningenyamaza tena, na kuomba msamaha kwa namna hiyo si uungwana.

Ndugu zako wa Mazingara wametuma ujumbe kwamba kwa sasa nisifike huko kwenye kaburi lako. Salamu zangu basi zipokee kwa njia hii.

Lala salama.

Mimi mumeo,
Baba Zaina