Nyongeza ya Chipsi Imemponza Akinyi

Mpendwa Mama Salme,

Nisaidie mama yangu, maana nimechoka, na sisemi uchovu wa miguu peke yake ingawa hiyo nayo imefura mpaka viatu vya kazi nalegeza kamba nikiwa bado nimesimama kwenye kaunta, nasema uchovu wa kutabasamu, kwa sababu mimi ni meneja wa zamu katika mkahawa wa baga hapa Kisumu mjini, nitauita Baga Ziwani, na majina ya watu pia nimeyabadilisha yote, na kazi yetu siku hizi imekuwa ni kupendwa na wateja, kupika kumekuwa jambo la pili.

Zamani tulikuwa peke yetu. Mtu wa Milimani akitaka baga anakuja kwetu na gari yake, mwanafunzi akitumiwa pesa na mzazi anakuja kwetu, tukichelewa anangoja, tukisahau kitunguu anakula hivyo hivyo. Sasa upande wa pili wa barabara wamefungua Baga Kuu kutoka Nairobi, taa kila mahali kama kuna harusi, na meneja wao wa zamu, Mama Salme, ni mume wangu. Ndiyo, wangu. Obonyo, baba ya mtoto wangu Lavender, ananiona kupitia kioo na mimi namwona, mchana tunang'ang'ania wateja na jioni tunakula meza moja.

Mwanzoni tulicheka tu. Akiona sina foleni ananitumia ujumbe, "Mama Lavender, nikuazime wateja?" na mimi nikimwona anapangusa meza ambayo ni safi najua siku yao ni mbaya. Kicheko kiliisha wakubwa walipoleta ile mashine ya nyuso, pengine umeiona, mteja akimaliza kula anabonyeza uso wa kijani unaocheka ama uso mwekundu ulionuna, na sisi tunapimwa na hiyo, hata kama ni watoto wamebonyeza nyekundu kwa sababu ni rangi nzuri. Bosi wetu, Bwana Tejinder, anauliza, "Mbona watu walikasirika Jumamosi?" Ukimwambia ni watoto, anasema hao pia ni wateja.

Halafu akaleta mtaalamu wa mauzo, kijana wa suti, si mtu wa huku, akatufundisha kwamba mteja akiagiza baga moja usimwachilie hivyo, muulize, "Nikuongezee chipsi? Nikuongezee jibini? Nikuongezee soda?" Sasa wewe unajua neno hilo likisemwa soko la Kibuye lina maana gani. Mama wa omena, wale dagaa wetu wa ziwani, akishajaza gorogoro, ule mkebe wa kupimia, anachota na mkono anaweka juu, hiyo ndiyo nyongeza, ni ya bure, na asipoweka unamwambia *medna*, niongeze bwana, na akikataa basi hurudi kwake tena. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria hilo, sisi tulikariri tu kama watoto wa nasari.

Siku moja akaja mama mmoja mzee, ametoka Katito kuona daktari wa macho, akasema hajala tangu asubuhi na leo anataka kuonja hii baga wajukuu wanayopigia kelele. Kwenye kaunta alikuwa keshia wetu Akinyi, msichana mpole sana, anafuata alichofundishwa. Mama, nikuongezee chipsi? Mama akafurahi, ee nyara, binti yangu, niongeze. Nikuongezee jibini? Niongeze, Mungu akubariki. Nikuongezee soda? Mama akageuka akawaambia watu wa foleni, "Hapa wanajua kukaribisha mgeni!" Ndipo Akinyi akamtajia bei. Mama Salme, yule mama aliangalia pesa yake mkononi, akaangalia trei, akauliza polepole, "Kwani nyongeza inalipiwa tangu lini?" Foleni yote ikacheka, vijana wengine mpaka wakashikana mabega. Mimi nilitoka mbio jikoni nikitaka kumpa tu chakula ale, lakini alikuwa ameshafika mlangoni, amejifunika uso na leso, na Akinyi analia kwenye kaunta, na mteja anayefuata anabonyeza nyekundu.

Siku hiyo hiyo nilimwendea Bwana Tejinder nikamwambia, hili neno tuliache, tuseme "utanunua na chipsi?" kama watu wazima, na anayenunua, tukishamjazia pakiti yake, mbele ya macho yake tumwekee kijiko kimoja juu tumwambie, "Hii ni nyongeza yako." Lazima aione ikianguka juu, ukiichanganya ndani mtu anaona ni kipimo tu. Bwana Tejinder ni mtoto wa Kisumu, alielewa kabla sijamaliza. Akasema tujaribu, lakini habari isitoke nje mpaka aanze nayo pia kwenye matawi ya Kakamega na Kisii. Na watu walikuja, wacha! Wanaleta mashangazi, wanaleta watu wa kanisa, wanasimama tu kungoja kile kijiko, na Baga Kuu wakawa wanasimama mlangoni kwao wanatuangalia.

Obonyo naye akabanwa kazini. Mkubwa wake wa Nairobi anampigia kila asubuhi kumuuliza wateja wameenda wapi, kama vile yeye amewaficha stoo. Jioni moja tunakula, ugali wake umepoa hajaugusa, akaniuliza, "Lakini nyinyi hawa watu mnawapa nini?" Nilimwonea huruma, Mama Salme, ni mume wangu. Nikamwambia yote, na ile ya kuanguka juu pia, na Kakamega na Kisii. Akacheka, na sikuwa nimesikia kicheko chake siku nyingi, akasema, "Kumbe ni hivyo tu," akala ugali wote. Nilifurahi kumwona amekula.

Wiki iliyofuata Baga Kuu wakatundika bango, NYONGEZA NI HAKI YAKO, na kijiko chao ni kikubwa kuliko chetu.

Bwana Tejinder alituita wote akauliza nani ametoa siri. Mtu akasema kaka yake Akinyi anakaanga chipsi kule. Ni kweli, anakaanga huko, kila mtu anajua. Kila mtu pia anajua mume wangu ni meneja huko, lakini hakuna aliyenigeukia kwa sababu wazo lilikuwa langu, na nani anajiibia mwenyewe? Akinyi akaniangalia akasema, "Madam, waambie. Si wewe unanijua?" Na mimi nikaangalia sakafu. Ameambiwa akae nyumbani mpaka Ijumaa aitwe kusikizwa kesi yake, na kwetu ukiitwa kusikizwa unajua umeenda.

Obonyo anasema ninyamaze. "Akinyi hana mtoto, atapata kazi ingine. Wewe ukisema tutafutwa sisi wawili, na Lavender atasoma na nini?" Wakubwa wake wanamsifu, wanataka awe meneja mkuu wa tawi, na akiongea siku hizi anaongea kama tangazo la redio. Nampenda mume wangu, lakini asubuhi nikimwona anavaa tai yao, nageukia ukutani nisiione. Sasa ameweka sheria kwamba nyumbani tusiongee tena mambo ya kazi. Nifanyeje? Nikisema namponza yeye na najiponza, nikinyamaza msichana wa watu anaenda na jina la mwizi. Nimechoka hata kulia, Mama Salme.

Ni mimi,
Niliyeangalia Sakafu, Kisumu

*

MAMA SALME ANAJIBU

Pole kwa miguu, binti yangu. Ipokee hiyo pole vizuri, kwa sababu nilizonazo leo si nyingi.

Kwanza nikuondolee mzigo usio wako. Kumwambia mumeo mambo ya kazi si dhambi. Mtu anashinda amesimama, anakasirikiwa na watoto wanaochezea mashine, akirudi nyumbani aongee na nani, sufuria? Ulimwona mumeo hali chakula, ukampa kilichokuwa kinywani. Ndiyo, uliambiwa habari isitoke nje, na hapo ulimkosea mwajiri wako. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe umejikwaa. Lakini watu hujikwaa, wakainuka, wakaendelea na safari.

Kosa kubwa ni lile la mkutanoni. Msichana aliyekuita "Madam" alikuomba sentensi moja tu mbele ya watu, na wewe ukaona sakafu ni nzuri kuangalia. Hapo hukuponyokwa na ulimi. Hapo ulichagua, na kila asubuhi unayoamka bila kusema, unachagua tena. Kisha unaniambia huwezi kuitazama tai ya mumeo! Ungeitazama bila haya ndipo ningekuogopa.

Sasa tumgeukie bwana. "Akinyi hana mtoto, atapata kazi ingine." Hebu lisome tena hilo neno taratibu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Msichana atakayeondoka na sifa ya kutoa siri, katika mji huu ambao kila meneja wa mkahawa anamjua mwenzake, ataajiriwa na nani? Labda Obonyo amwajiri, ana nafasi? Mumeo alikuja mezani kwako akiwa mume, akaondoka mezani akiwa Baga Kuu, na hakukuaga katikati. Hilo limekuuma kuliko bango lenyewe, na katika barua yako yote ndefu hukuthubutu kuliandika. Nimekuandikia mimi, lisome.

Wala usidhani nampaka matope baba wa mtoto. Yeye naye ni mchovu, anapigiwa simu za matusi na mtu aliye Nairobi ambaye hajawahi kununua omena. Wenye biashara wanashindana, na wanaogombana ni nyinyi mlio kitanda kimoja. Naliona hilo, nalihurumia. Lakini uchovu haumpi mtu ruhusa ya kulipia raha yake kwa mshahara wa mtoto wa mwenzake.

Fanya hivi. Leo mkikaa kula, mwambie Obonyo kwamba kesho asubuhi unakwenda kwa Bwana Tejinder. Mwambie, usimwombe. Ukiomba atakupa hesabu ya karo, nawe utalainika, nakujua kwa barua hii moja tu. Akisema anakwenda nawe, mshukuru na mwende. Akinuna, mwache anune, safari yako ya kesho iko pale pale.

Kwa Bwana Tejinder usizunguke. Mwambie: nilimsimulia mume wangu, Akinyi hahusiki. Usilie kwanza, usimkumbushe kwamba wazo lilikuwa lako, na kwa jina la Mungu usimtwishe Obonyo lawama ili wewe utoke safi. Ukishamaliza la Akinyi, na kama atakupa nafasi ya kuongeza, mwambie pia kwamba jambo linalofanywa na kila mama wa Kibuye tangu enzi za bibi zetu halikuwa siri ya mtu yeyote. Kule soko la Sondu wanatoa nyongeza mpaka kwa wapita njia. Baga Kuu wangeketi sokoni nusu saa wangeliona bila msaada wako. Afadhali bosi wako atumie akili yake kuwafunza keshia heshima kuliko kuwawinda.

Sitakudanganya kwamba atakupigia makofi. Anaweza kukufuta, na ana haki. Kama ni mtu wa busara atakupa onyo akubakize, kwa kuwa meneja anayejua mteja ameumizwa na neno gani haokotwi barabarani. Ukibakizwa, vizuri. Ukifutwa, utalala njaa ya muda, na nyumba ina mshahara mmoja bado, tena wa mtu aliyesifiwa, na anayesifiwa hafutwi kirahisi kama anavyokutisha. Mtabana matumizi. Watu wamebana na hawakufa.

Na nyumbani, usikubali ile sheria ya kijinga ya kutoongea kazi. Mtakuwa mabubu wawili wanaolea mtoto. Sema naye kila kitu, isipokuwa kile ulichoapa kukificha, na hicho mwambie wazi, "Hili siwezi kukuambia." Mume anayekupenda atakula ugali wake hata hivyo.

Lakini kabla ya haya yote, kabla ya chakula cha jioni, nenda kwa akina Akinyi kwa miguu yako hiyo hiyo iliyofura. Usitume ujumbe wa simu. Usibebe sukari wala mkate, huendi msibani. Usianze na mume, usianze na mtoto. Mwambie, "Ni mimi niliyesema, nilijua, na nilinyamaza." Halafu funga mdomo, mwache aseme lake hadi liishe. Anaweza kukufukuza, na akikufukuza, ondoka bila kujitetea. Pengine hatakusamehe mwaka huu wala ujao. Lakini Ijumaa, hata akiitwa bado, hataingia mle ofisini peke yake, ukweli utakuwa umemtangulia.