Jina Zima la Llanfeudwy

Llanfeudwy,
Jumapili, baada ya ibada

Kaka Emrys,

Pole kwa msiba. Huku mvua haijakatika tangu barua yako ifike, na kondoo watatu wamezaa mapacha. Wazee wa kanisa wamekubali mkeo Daphne azikwe karibu na mama. Jiwe litaandikwa jina lake, na chini yake jina la kijiji, Llanfeudwy, kama la kila mtu.

Unakumbuka mama alivyokuwa akimfanyia Daphne kila tukikaa kunywa chai? "Mkate wa zabibu haukatwi mpaka mgeni ataje mahali anapokula." Wifi anahangaika na ile Ll ya mwanzo, sisi tunacheka mpaka chai inamwagika. "Ulimi juu, pumzi ipite pembeni, mwanangu. Unatutemea mate tu." Alipouliza maana yake, mama akamjibu, "Kanisa la mtawa mpweke. Zoea." Nawe ulicheka, kaka.

Kuna jambo sikukwambia. Mwaka jana, wiki chache baada ya kumzika mama, wifi alikuja peke yake. Alisimama mlangoni amelowa chapachapa, na kabla hata ya salamu akalitamka jina zima bila kukosea, kama aliyezaliwa hapa. Akasema amejifunza miaka tisa, jikoni, wewe ukiwa kazini.

Nikamwambia, "Hapa hakuna anayelisema lote, wifi. Tunasema Llan tu. Lote ni la mawe ya makaburini."

Nikafunga mlango.

Sasa amelipata.

Dada yako,
Gwenfron