Kipimo cha transista na redio ya Mama Georgette

Jumapili, Kolwezi. Mvua tangu asubuhi, na mimi peke yangu ndani ya nyumba.

Tangu kaka yangu Didier ahamie Dilolo kufanya biashara ya mpakani, Jumapili zimekuwa ndefu. Yeye ndiye aliyenifundisha kulehemu. Tulikuwa tunagombania meza moja, redio mbovu za watu zimejaa juu yake. Sasa meza yote ni yangu, na siipendi.

Leo nimemaliza kipimo changu cha transista, vile vijidude vya miguu mitatu ndani ya redio. Ni kitu rahisi: betri, kitufe, taa ndogo nyekundu na vipinga viwili vya kupunguza umeme nilivyovitoa kwenye redio zilizokufa, vyote ndani ya kisanduku cha sabuni. Unachomeka miguu mitatu ya transista, unabonyeza kitufe. Taa ikiwaka, transista ni nzima. Ikikataa, imekufa. Ikiwaka kabla hujabonyeza, nayo ni ya kutupa.

Nilibonyeza. Ikawaka.

Nikageuka nimwambie mtu, hakuna mtu. Nikampigia Didier, simu haikupita.

Basi nikavuka uwanja kwenye mvua, kisanduku mkononi, hadi kwa jirani yangu Mama Georgette, mjane anayeishi peke yake. Huwa tunasalimiana tu. Nikamweleza kile kisanduku kinafanya nini. Alikichukua, akakigeuza.

"Mwana yangu," akasema, "kuko redio ya marehemu bwana yangu. Tangu alikufaka, haisemake tena. Utaiangalia?"

Aliibeba mwenyewe hadi kwangu, ameifunga kwenye kitenge. Nikatoa transista zake moja moja, nikazipima. Moja ikakataa kuwaka. Nikaweka nyingine nzima kutoka kwenye akiba yangu. Tulipoiwasha, redio ilikoroma, kisha rumba ikatoka.

Mama Georgette akashika meza kwa mikono miwili.

"Alikuwa anaimbaka nayo kila asubuhi," akasema. "Sauti yake ilikuwa mubaya sana." Akacheka, akajifuta macho.

Alikaa nyimbo mbili, akanishukuru, akaondoka na redio yake.

Niseme ukweli: nilitamani kuwe na transista nyingine mbovu. Angekaa zaidi.

Mvua imekatika. Kwake muziki unalia, kwangu kimya. Kumbe siku zote nilidhani lazima niwe na kitu mkononi ndipo nimbishie mtu hodi. Kesho nikitoka kazini nitaenda kwake mikono mitupu. Sijui nitasema nini. Labda nitaomba kukaa tu.