Tuliwasubiri Kumbikumbi

Jumatatu, 4 Februari 1952

Mende tena. Safari hii wamekula gundi ya vitabu vya jiografia, rafu nzima. Vitabu vinavyoeleza theluji na reli za Kanada vimebaki nyuzi. Nimevitoa uani nikavianika kama mihogo. Nilipoajiriwa kutunza maktaba ya chuo cha walimu nilidhani nitasoma. Ninaanika.

Mchana ikaja bahasha kutoka kwa wachapaji wa pwani. Nilijua kwa uzito wake kwamba wamerudisha. Masimulizi ya ukoo wa Mzee Mhando wa Kwamsisi, karatasi zote, pamoja na barua fupi. Hadithi watazichapa, Kiswahili chake kikishanyooshwa. Majina ya mababu yaondolewe. Ni mengi mno na hayana faida kwa msomaji.

Hayana faida. Nimekasirika. Leo siandiki zaidi.

Jumatano, 6 Februari

Niandike nikiwa nimetulia.

Kiangazi kilichopita nilikaa Kwamsisi, wilaya ya Handeni, kwa Mzee Mhando likizo nzima. Mimi Mshambaa wa Kwashemshi, yeye Mzigua. Alinicheka jinsi ninavyotamka, lakini alinieleza. Hadithi alizitoa kirahisi. Majina aliyatoa kwa shida, akiwa amefumba macho, tangu babu wa kwanza hadi ndugu yake aliyekufa juzi. Ukoo wao ndivyo ulivyo. Mtu akifa, wakimaliza matanga, majina yote huitwa kaburini kwa mfuatano, na jina la marehemu huja mwisho. Hapo ndipo anapokelewa. Asipoitwa, au mmoja katikati akirukwa, anabaki nje. Mzee alisema "uani", kama mgeni ambaye hakuna aliyemwitikia hodi.

Wa kuyashika majina alikuwa mpwa wake. Mpwa alikwenda kukata mkonge na hajarudi. Ndiyo maana akanipa mimi. "Mwalimu, mimi nimechoka kuyabeba. Beba wewe kwenye karatasi. Siku yangu ikifika Mwanaidi atakufuata uje usome." Mwanaidi ni binti yake.

Na hao wa pwani wanataka nikate majina nibakishe sungura na fisi! Nimewajibu hapana. Kwa heshima, lakini hapana.

Ijumaa, 15 Februari

Nimeomba masimulizi yapigwe chapa ofisini ili pawe na nakala mbili. Karani amesema mashine ni moja na utepe umekwisha wino. Nisubiri muhula uishe. Nikamwambia nitanakili kwa mkono. Nimeanza. Nimefika ukurasa wa tatu. Mitihani ya wanafunzi imerundikana mezani, nitaendelea wiki ijayo.

Jumanne, 26 Februari

Bwana Mkuu amekagua maktaba. Si mtu mbaya, mkuu wetu huyu Mwingereza. Hupenda vitabu kuliko anavyotupenda sisi, hilo tu. Limekuja kabati la chuma kutoka Tanga. Nilifurahi, nikaleta karatasi za Mzee Mhando mikononi. Akatikisa kichwa. Kabati ni la taarifa za serikali na vitabu vipya. Masimulizi ya kienyeji yakae stoo ya nyuma.

Stoo ya nyuma ina sakafu ya udongo. Nilimweleza. Akasema basi fundi atengeneze sanduku.

Wivu ninaolionea kabati la chuma ni wa kijinga, lakini ninao.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi Masanja amemaliza sanduku. Ubao wa mvule, kazi safi. Mchwa hagusi mvule, hilo hata mtoto anajua. Fundi ni Mnyamwezi, baba yake alikuja kwa kazi ya mkonge, na tangu aliposikia ninahifadhi maneno ya Wazigua utani hauishi. Ati watani zake hawana jambo la kuhifadhiwa isipokuwa madeni yao kwake.

Kitu kimoja. Mvule haukutosha. Mwingi ulikwenda kwenye meza mpya ya Bwana Mkuu. Kitako cha sanduku amekipiga kwa mbao za kasha lililoleta vitabu kutoka Ulaya. Mbao nyeupe, nyepesi. Nikamwuliza kama zitafaa. Akasema zitafaa, mradi sanduku likae juu ya matofali, na mradi nikibomoe kile kichuguu.

Kichuguu kiko nyuma ya stoo. Kimepita kimo changu. Nimekizoea hata macho hayakioni tena.

Jumatatu, 10 Machi

Nimewaambia vibarua wakichimbe, wamtoe malkia, wamwage mafuta ya taa. Wamenitazama kama mwendawazimu. Machi hii? Mvua iko mlangoni! Nani huchimba kichuguu kumbikumbi wakiwa karibu kuruka? Mpishi wa chuo ametoka jikoni kuja kunisihi. Majirani wa kijiji cha Masuguru hukitegea kila mwaka, watasemaje?

Na mimi, niseme kweli, mate yalinijaa. Kumbikumbi wa kukaangwa kwa chumvi. Mke wangu huwaanika, tukawa nao hadi Juni. Kichuguu kimekaa miaka yote, wiki chache zitaleta nini? Tumekubaliana: wakisharuka, siku ya pili kinachimbwa.

Fundi Masanja alikuwa amesimama pale. Alikubali upesi kuliko wote.

Alhamisi, 13 Machi

Karatasi zimeingia sandukuni. Kitambaa cheupe, kafuri nyingi, kufuli. Bwana Mkuu ameleta kijitabu chake cha kutunza maktaba za nchi za joto. Kinasema sanduku lisifunguliwe kipindi chote cha masika, unyevu usiingie. Ameuchukua ufunguo akautia katika droo yake mwenyewe. Nimemshukuru. Leo ameniunga mkono na nimeona haya kwa niliyoyaandika juu yake.

Kunakili sikumaliza. Nitamaliza baada ya masika.

Jumapili, 23 Machi

Joto. Mawingu yanakuja, yanasimama juu ya Usambara, yanarudi. Nimekwenda stoo bila sababu. Kafuri inanukia hadi mlangoni, harufu ya chumba cha maiti. Sikuipenda.

Ukutani, karibu na sakafu, kuna mstari wa udongo, mwembamba kama kamba ya kiatu. Nimeuparua kwa kidole. Ndani walikuwamo, weupe, wakikimbia. Nimeupangusa wote na majivu. Ulikuwa mbali na sanduku.

Jumatano, 26 Machi

Mstari umerudi. Nimepangusa.

Ijumaa, 28 Machi

Umerudi, na mwingine pembeni yake. Nimemwambia mpishi nitakichimba kichuguu leo hii, kumbikumbi au hakuna kumbikumbi. Akasema, "Mwalimu, subira yavuta heri. Tazama mlima." Mlima ulikuwa mweusi kwa wingu. Nikasubiri.

Jumamosi, 5 Aprili

Imenyesha! Jana mchana kutwa. Jioni wakatoka. Tulikuwa tumetega: matawi juu ya kichuguu, mablanketi, shimo, taa ya karabai. Wakamiminika hata mwanga ukapungua. Wanafunzi walipiga kelele, wake za walimu wakaja na mabeseni, Fundi Masanja aliwala wabichi wakiwa na mbawa zao na kuapa ni watamu kuliko wa Tabora. Hata Bwana Mkuu alionja mmoja, akatabasamu kwa ustaarabu, akatema kwenye leso.

Nimekula hadi tumbo limeniuma. Sikumbuki lini nilicheka hivyo.

Jumatatu, 7 Aprili

Kichuguu hakijachimbwa. Mvua haiachi. Vibarua wanasema udongo ukilowa vile jembe halipiti. Sasa wanasema hivyo.

Alhamisi, 17 Aprili

Dereva wa lori kutoka Handeni ameleta habari. Mzee Mhando amefariki. Kifua. Wameshamzika.

Nimeketi maktaba hadi wanafunzi wote wakaondoka. Inna lillahi. Alikuwa amenikaribisha tena kiangazi kijacho. Alitaka nimpelekee miwani.

Barabara imekatika nyuma yake kwa mafuriko, siwezi kwenda. Huko Kwamsisi kwenyewe, dereva anasema, mvua haijagusa. Mahindi yamenyauka.

Jumamosi, 26 Aprili

Kichuguu kimechimbwa hatimaye. Walichimba hadi magoti, hadi kifua. Malkia hakupatikana. Vyumba vingi vilikuwa vitupu. Fundi Masanja aliingia shimoni mwenyewe, akapapasa, akatoka bila utani.

"Wamehama, Mwalimu."

Wamehamia wapi, nikauliza. Alitazama ukuta wa stoo, na mimi nikautazama.

Jumapili, 27 Aprili

Nimelikagua sanduku pande zote. Mvule mzima, unang'aa. Matofali makavu. Kufuli iko sawa. Nimeshusha pumzi.

Halafu nimekigonga kifuniko. Sauti haikuwa ile ya Machi. Labda ni unyevu. Mbao hubadilika sauti kwenye unyevu.

Jumanne, 29 Aprili

Nimemwomba Bwana Mkuu ufunguo. Amenisomea kijitabu. Masika bado. Nikamweleza kuhusu mchwa, akaja, akainama, akaupapasa mvule kwa kiganja, akasema sanduku ni zuri sana na nisiwe na wasiwasi wa kizee.

Ningeweza kulivunja. Ningeweza kulipindua nikatazama kitako. Nimesimama pale na sikufanya. Si kijitabu kilichonizuia. Ni woga. Lisipofunguliwa, majina bado yamo.

Jumatatu, 12 Mei

Mwanaidi amefika. Ametembea hadi Handeni, kisha lori. Mwanamke mrefu, kanga nyeusi, amekonda. Alinipa shikamoo ingawa hatupishani sana kwa umri. Amesema matanga yanamalizwa Jumamosi na ukoo wote umeitwa. Mbuzi yupo. Nimekuja kukuchukua, akasema, wewe na majina ya baba.

Nikamwuliza, huku nikijua ninachouliza, kama nyumbani yuko anayeyakumbuka.

"Tutayakumbukaje, Mwalimu? Baba alisema hayo yamekwisha kutunzwa chuoni. Zamani alikuwa anatuimbia jioni. Ulipoandika akaacha. Alisema kazi imefanywa na waliosoma."

Alilisema hilo kwa shukrani. Kwa shukrani!

Jumanne, 13 Mei

Sanduku limefunguliwa.

Bwana Mkuu alikuja na ufunguo baada ya kusikia habari ya matanga, Fundi naye alikuwapo, na Mwanaidi mlangoni. Kifuniko kikainuka vizuri. Kitambaa cheupe kilikuwa pale juu, safi, kimekunjwa nilivyokikunja. Nikakishika, kikazama. Chini yake udongo. Udongo mwekundu, umejengwa hadi juu, umechukua umbo la sanduku. Nilipouvunja walikuwamo. Karatasi ilibaki pembeni tu, vipande vya ukubwa wa ukucha. Kimoja kina neno "na".

Walipanda ndani ya tofali. Tofali la katikati, nisilolifikia kwa macho. Mbao za Ulaya zimekwisha. Mvule hawakuugusa. Hata mtoto anajua.

Bwana Mkuu alisema anasikitika na nadhani alisikitika. Aliuliza kama hakuna nakala. Nikamwambia kuna kurasa tatu, za sungura.

Mwanaidi hakulia. Aliniuliza jambo moja: basi baba atakaa uani mpaka lini?

Jumatano, 14 Mei

Mke wangu alinitengea kumbikumbi leo, wale waliokaushwa. Hakuwa na nia mbaya. Nilinyanyuka mezani. Tuliwasubiri hao kwa hamu, na wenzao nao walikuwa kazini. Tulikula wote pamoja, wao ndani, sisi nje.

Ninawachukia. Wachapaji, kijitabu, mpishi na subira yake. Mimi mwenyewe kwanza.

Nimejaribu kuyaandika majina kwa kumbukumbu. Mengine yanakuja na sauti ya Mzee, pale alipokohoa, pale alipoomba maji. Mengine ninakumbuka kwamba alicheka, lakini jina lenyewe hakuna.

Nilitaka kujaza pale palipobaki. Jina la Kizigua, ningeweza kulitunga, nani angejua? Nilitunga moja. Nikalitazama muda mrefu, nikalikata.

Ijumaa, 16 Mei

Tunaondoka na Mwanaidi. Nimemwambia ukweli wote: ninayo kadhaa, na katikati pana mapengo. Akasema twende hivyo hivyo. Mbuzi ameshafungwa.

Jumapili, 18 Mei

Kwamsisi. Naandika nimeketi barazani kwa marehemu. Vumbi, jua jeupe, mahindi makavu yanalia upepo ukipita.

Jana asubuhi tulisimama kaburini. Ukoo wote, wazee kwa watoto. Nikaanza. Mkomwa. Mbelwa. Sonyo. Hapo nikakwama. Nikanyamaza, nikamwacha huyo apite. Kigoda. Nikanyamaza tena, mara mbili, maana hapo walikuwa wawili, hilo nalikumbuka. Nilipofika mwisho nikasema Mhando. Pombe ikamwagwa. Mbuzi akachinjwa. Tukala.

Hakuna aliyeniambia neno baya. Sijui kama amepokelewa. Hakuna wa kumwuliza.

Asubuhi hii Mwanaidi amewakalisha wapwa zake uani, anawafundisha majina kama nilivyoyasema. Hataki kuyaacha tena kwa mtu. Mkomwa, wanaitika. Mbelwa. Sonyo. Wakifika pale nilipokwama, wananyamaza wote pamoja, muda ule ule niliounyamaza mimi, kisha wanaendelea.